Mwalimu Aliyetuletea Nyambizi

Kariakoo walimwita Mwalimu wa Ngumbaru, nami nitamwita hivyo hivyo. "Mwalimu" peke yake halikufaa, maana jina hilo nchini lilikuwa na mwenyewe, na yeye hakutaka matatizo. Alitufundisha kusoma na kuandika sisi watu wazima wa sokoni, saa kumi alasiri, katika shule ya msingi iliyo jirani na viwanja vya Mnazi Mmoja. Tulikalia madawati ya watoto wa darasa la pili, magoti yakitugusa videvu. Hamali mmoja mnene, tuliyemwita Mzee Gunia kwa kazi yake, alivunja dawati siku ya kwanza, akavunja jingine siku ya pili. Siku ya tatu Mwalimu akamwambia akae sakafuni na daftari aliegemeze kwenye mgongo wa aliye mbele yake. Aliye mbele yake nilikuwa mimi. Herufi nyingi nilizijua kwa mgongo kabla sijazijua kwa macho.

Mimi nilikuwa nauza vitunguu. Nilishuka kutoka Kilimanjaro kumfuata mume, nikakuta mji ambao kila ukuta una maandishi na kila anayepita anayasoma isipokuwa mimi. Serikali iliposema watu wazima wote wasome, nilikuwa miongoni mwa waliofika mapema kabisa. Sikutumwa na mtu.

Mwalimu alikuwa mrefu, mwembamba, suruali zake zote zikiishia juu ya kifundo cha mguu kama zinaogopa tope. Chaki aliziweka ndani ya kisanduku cha sabuni, na kisanduku mfukoni, na hakikumtoka hata siku za Jumapili. Akipita Mtaa wa Msimbazi akiona kibao kimekosewa, anatoa chaki na kurekebisha hapo hapo. Kulikuwa na mama ntilie aliyeandika ubaoni CHAKURA TAYALI. Mwalimu akafuta herufi mbili, akaandika zinazotakiwa. Mama akatoka na mwiko mkononi.

"Nani kakutuma?"

"Sarufi," akajibu.

"Huyo Sarufi mwambie aje mwenyewe."

Walipatana baadaye, kwa sababu watu walikuwa wanakuja kutazama kibao kilichopigiwa kelele, na wakishatazama wanakaa wanakula. Toka hapo, Mwalimu akipita, yule mama alikuwa anamwonyesha kibao kwa mwiko: "Leo je? Iko sawa?" Naye anasimama, anasoma taratibu kama anakiona mara ya kwanza, kisha anatikisa kichwa kukubali.

Neno lake kubwa lilikuwa swali: "Nani alikuwepo?" Ukimwambia sukari itaadimika, anakuuliza nani alikuwepo iliposemwa. Ukimwambia fulani kamwacha mkewe, nani alikuwepo? Siku moja Mzee Gunia alikuja na habari kwamba Buguruni kazaliwa mbuzi mwenye vichwa viwili. Kesho yake Mwalimu alitembea kwa miguu mpaka Buguruni, akarudi na vumbi magotini, akasimama mbele ya darasa.

"Kichwa kimoja," akasema. "Nimehesabu mara mbili."

Akicheka hakutoa sauti. Mabega tu ndiyo yalikuwa yanapanda na kushuka, na mtu aliye nyuma yake angeweza kudhani analia. Kulia kwenyewe niliwahi kumwona. Ilikuwa kila mara mwanafunzi mmoja wetu anapoweza kuandika jina lake mwenyewe. Anakutoa nje mpaka kwenye bomba la shule, anafungulia maji, anakwambia unawe dole gumba, lile ulilokuwa unachovya kwenye wino kila ulipotakiwa kutia sahihi. "Hilo sasa ni la kushikia kalamu," anasema, kisha anageuka kutazama ukuta mpaka atulie.

Na maji ya bomba ndiyo maji pekee aliyokubali kukaribiana nayo. Siku moja alitupeleka Kivukoni tukasome matangazo ya pantoni. Sisi tukapanda tuvuke hadi Kigamboni, yeye akabaki ufukweni amekumbatia nguzo, na somo akaliendesha kwa kupaza sauti. "Someni la kushoto!" Pantoni likazidi kwenda, sauti ikazidi kuwa ndogo. Abiria wengine wakatuuliza yule ni nani. Mzee Gunia akawaambia ni mwalimu wetu, anatufundisha kutoka mbali.

Mtu huyo asiyeamini mbuzi mpaka amhesabu kichwa, na asiyeweza kuvuka maji ya dakika tano, ndiye aliyetufundisha nyambizi.

Kitabu tulichopewa kilianza na neno mbolea. Ukurasa wa pili choo, wa tatu pamba. Vitu vya maana vyote, lakini sisi tulikuwa watu wa sokoni, tumeamka alfajiri, na ukimwonyesha mtu aliyechoka neno mbolea saa kumi na nusu ya jioni yenye joto, analala. Tulilala. Mzee Gunia alikoroma juu ya mgongo wangu. Darasa la watu arobaini likabaki na kumi na wawili.

Ndipo akaingia Mama Nahodha.

Huyu alikuwa anakaanga samaki pembeni ya soko jipya, wakati huo bado linajengwa. Mumewe alikuwa nahodha wa meli ya mwambao iliyopakia abiria na korosho kutoka kusini. Meli ilizama mchana kweupe, bahari shwari, huko kusini ya kisiwa cha Mafia. Wavuvi waliwaokoa abiria na mabaharia wote. Magunia ya korosho yalielea mpaka pwani, na watu wa huko walikula mwezi mzima korosho zilizokuja na chumvi yake. Aliyekosekana ni nahodha peke yake. Hakuonekana yeye wala kofia yake.

Mji ukaanza kusema. Meli gani inazama bila upepo? Basi nahodha alikuwa amelewa. Wengine wakasema alikuwa amelala. Wateja wakawa wanafika kwa Mama Nahodha kununua samaki, wanauliza wakiwa na tonge mdomoni, "Eti ni kweli mzee alikuwa anapenda kidogo?" Mtu ambaye kwa miaka yote hakuwahi kukosa sala wala kugusa pombe. Mama Nahodha alikuwa anageuza samaki tu. Kisha wateja wakapungua, kwa sababu watu wanapenda kusengenya lakini hawapendi kumtazama usoni wanayemsengenya.

Siku aliyoingia darasani alikuwa na bahasha ya kaki amefunga kwenye pindo la khanga. Ilitoka ofisini, ile iliyochunguza ajali. Nilimwambia, "Dada, mpe Mwalimu akusomee." Akanikata jicho.

"Nisomewe habari za mume wangu na mwanamume mwingine? Nitaisoma mwenyewe. Hata ikichukua miaka."

Mwalimu alisikia. Alitugeuzia mgongo. Halafu akafuta mbolea. Akaandika kwa herufi kubwa, ubao mzima: NYAMBIZI.

"Nini hiyo?" akauliza Mzee Gunia, ambaye alikuwa ameamka. "Mnyama?"

"Meli," akasema Mwalimu. "Meli inayokwenda chini ya maji. Ina watu ndani, ina injini, ina jicho refu la kuchungulia juu. Inaweza kupita chini ya meli nyingine, na ikikosea hesabu ikainuka, inaitoboa tumbo. Walio juu wanasikia kishindo tu. Kishindo kutoka chini."

Hata yule aliyekuwa anauza ndizi dirishani aliweka chano chini.

"Na ile meli ya korosho," akaendelea, "mabaharia waliwaambia wachunguzi wamesikia nini?"

Mzee Gunia akainuka kutoka mgongoni mwangu asikie vizuri.

"Kishindo," akasema. "Kutoka chini."

Sijapata kuona darasa likichangamka namna ile. Nyambizi ya nani? Akasema nyambizi haipeperushi bendera huko chini. Kwa nini ofisi haisemi? Akasema mwenye kujua jibu la swali hilo ana sababu ya kutosema. Mambo ya vita yalikuwa karibu, ng'ambo ya Ruvuma watu walikuwa wanapigana, kila ukuta una tangazo la kutuambia adui yuko macho. Tuliamini kabla hajamaliza kuandika. Na mimi niliyemjua nikasubiri ajiulize mwenyewe swali lake, nani alikuwepo. Hakujiuliza.

Ndani ya wiki moja darasa lilifika watu sitini. Tulijifunza nya na mbi na zi. Tukajifunza meli, bahari, siri, ficha, fichua. Sentensi yangu ya kwanza maishani ilikuwa "Nyambizi haina haya." Mzee Gunia aliandika "Mimi sipendi nyambizi," na akaenda kuibandika kwenye mkokoteni wake. Sokoni watu walianza kuzungumza habari hiyo kati ya mafungu ya mchicha. Muuza samaki mmoja wa soko la Feri aliapa kwamba aliiona siku hiyo, nyeusi, ndefu, ina mlango. Tuligombana naye kuhusu rangi. Mimi nilishika kwamba ni ya kijivu, nikagoma kununua samaki kwake, na mpaka leo sijui nani alinipa hiyo kijivu.

Na kwa Mama Nahodha wateja wakarudi. Sasa walikuwa wanamwamkia kwa adabu. Mumewe hakuwa tena mlevi, alikuwa mtu aliyevamiwa na kitu kikubwa kutoka chini. Kijana mmoja alimwambia, "Shikamoo mama, pole kwa vita." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu," akamwongezea kipande cha samaki.

Ilimchukua miezi saba kuwa tayari kusoma. Siku hiyo alisimama, akafungua pindo, akatoa bahasha. Mwalimu akawa mweupe kama chaki aliyoishika. Mama Nahodha akasoma kwa kidole, neno moja moja, na sisi tukawa tunamsaidia kwa kupumua.

"Ofisi... inakujulisha... kuwa uchunguzi... umefungwa. Chanzo... cha ajali... hakiku... hakikuthibitika." Akashusha kidole mstari wa chini. "Unaombwa... kurudisha... darubini moja... mali ya ofisi... iliyokuwa mikononi mwa marehemu."

Akageuza karatasi kuona kama kuna zaidi. Hakukuwa na zaidi.

"Darubini," akasema. "Mimi niirudishe darubini."

Nikadhani atalia. Akaanza kucheka. Alicheka akashika dawati, akacheka akakaa, na sisi wote tukamfuata, watu sitini tunacheka mpaka mkuu wa shule akaja kuchungulia. Mzee Gunia alikuwa anajifuta macho kwa mgongo wa blauzi yangu. "Darubini iko baharini," akasema. "Waende wakaiulize nyambizi."

Hapo ndipo wazo likaja, na halikuwa la Mwalimu. Yeye alikuwa anasema tutulie. Hatukutulia. Tuliandika barua ya kujibu, mimi nikiandika nusu ya kwanza kwa sababu mwandiko wangu ulikuwa umenyooka. Tuliandika: "Ndugu, darubini mnayoitaka iko na nyambizi. Tafadhali tuambieni nyambizi ni ya nani. Tukijua, tutaifuata wenyewe." Watu sitini wakatia sahihi. Hapakuwa na dole gumba hata moja.

Baada ya majuma mawili Mwalimu akaitwa kwenye ofisi ya tawi la chama. Mashtaka yalikuwa kueneza uvumi. Nasi tukaacha vitunguu, samaki na mikokoteni, tukamfuata. Katibu wa tawi alikuwa kijana mwenye miwani, msafi, mwenye woga wa kukosea. Barua yetu ilikuwa mezani pake.

"Mwalimu, umeandika wewe hii?"

"Hapana."

"Nani sasa? Hawa ni ngumbaru. Hawajui kuandika."

Mama Nahodha alikwenda mezani, akachukua kalamu ya Katibu kutoka mkononi mwa Katibu, akageuza fomu moja, akaandika nyuma yake: NYAMBIZI. Akampa kalamu aliyefuata. Aliyefuata akaandika NYAMBIZI. Foleni ikatoka nje ya mlango. Fomu zikaisha, wakaanza bahasha. Mzee Gunia, kwa kuwa nafasi ilikuwa ndogo, alikuja nyuma yangu kwa mazoea, akanigeuza, akaweka bahasha mgongoni na kuandika. Katibu aliziangalia karatasi zile kwa muda. Kisha akavua miwani.

"Wote mnaweza hivi?"

"Tunaweza na kusoma," nikasema. "Tukusomee nini?"

Alikuwa na taarifa ya kupeleka mkoani, ya waliofuta ujinga katika eneo lake, na mpaka siku ile ilikuwa tupu. Akafungua daftari akaanza kutuandika majina, mmoja mmoja, na kila aliyeandikwa akataka aandike mwenyewe. Mashtaka yakasahauliwa katikati ya kazi. Tulipotoka tuliimba njia nzima mpaka Mnazi Mmoja. Ile ofisi iliyochunguza ajali haikuiulizia tena darubini.

Mwalimu peke yake hakuimba. Alitembea nyuma pamoja na Mama Nahodha, wakizungumza kwa sauti ya chini, na nilipogeuka niliona amesimama, ameinamisha kichwa, na yeye Mama Nahodha amemshika mkono wa shati kama mtu anayemzuia mwenzake asianguke. Nilidhani ni uchovu wa woga.

Alitufundisha miaka miwili zaidi, kisha akahamishwa. Darasa likaendelea na walimu wengine. Mzee Gunia alipata kazi ya karani wa ghala, akanunua viatu. Mimi nikawa na duka dogo la rejareja na kibao nilichokiandika mwenyewe. Mama Nahodha alizeeka kwa heshima, akahamia kwa binti yake Temeke, na huko akafariki. Nilikuwepo mazikoni.

Mwaka mmoja baada ya mazishi hayo, miaka ile ya foleni, nilikuwa nimepanga mstari mbele ya duka la ushirika kusubiri sabuni. Mtu wa mbele yangu suruali yake ilikuwa imeishia juu ya kifundo.

"Shikamoo, Mwalimu."

Akageuka. Nywele zilikuwa zimekwisha, lakini mabega yalikuwa yale yale. "Marahaba, Mama Neema. Vitunguu hawajambo?"

Tukapeana habari za watoto, za miguu, za Mama Nahodha. Alikuwa hajajua kwamba amefariki. Foleni ikasogea hatua tatu. Ndipo akainama sikioni mwangu.

"Ile nyambizi haikuwepo."

"Haikuwepo wapi?" nikauliza, kwa upumbavu.

"Popote. Mdogo wangu ndiye aliyekuwa ameshika usukani. Tumezaliwa tumbo moja. Redioni kulikuwa na mpira, sauti ikawa inapotea, akaacha usukani aende kugeuza antena. Hatua nne, Mama Neema. Alipogeuka, mwamba. Nahodha alikuwa chini anakula chakula cha mchana. Alipanda, akatoa watu wote, akarudi kuangalia kama kuna aliyesahaulika."

Foleni ikasogea.

"Wachunguzi walipomuuliza, kijana aliwaambia kishindo kilitoka chini. Hakusema uongo, mwamba uko chini. Mimi nikasema basi, yameisha. Halafu nasikia mtaani kwamba nahodha alikuwa mlevi, na mkewe huyu hapa anaingia darasani kwangu na bahasha. Nikimtaja mdogo wangu, anafungwa na mama yetu anakufa. Nikinyamaza, mtu mwema anatukanwa kaburini, na kaburi lenyewe hana. Nikaona bora nimtafute mkosaji asiye na mama."

"Kwa hiyo miaka yote ile tunapiga kelele kwamba wanaficha," nikasema, "mfichaji alikuwa wewe."

"Nilikuwa mimi."

Nilitaka kukasirika, na nilikuwa na haki. Nilikuwa nimegombana na muuza samaki kwa ajili ya rangi ya kitu kisichokuwepo. Lakini nilikumbuka neno zito zaidi. "Na yeye? Alikufa hajui?"

"Nilimwambia siku ile tulipotoka kwa Katibu. Nilishindwa kuimba. Akaniambia alijua tangu matanga, baharia mmoja alikwenda kumwambia. Nikamuuliza, sasa mbona umekaa darasani unaandika nyambizi? Akasema, 'Mume wangu alikwishawatoa wote salama, mdogo wako akiwamo. Nikimpeleka jela nitakuwa nimemrudisha majini. Na wewe ukiacha hiyo nyambizi, hawa watarudi kwenye mbolea, walale.'"

Mabega yakaanza kutikisika. Safari hii nilikuwa mbele yake, nikaona kwamba alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja.

Akanieleza kwamba likizo iliyofuata yeye na Mama Nahodha walikwenda Rufiji, kwenye kijiji cha ujamaa ambako mdogo wake alikuwa amekimbilia kulima mpunga, mbali na usukani wowote. Kijana alipomwona alijificha shambani. Mama Nahodha akavua viatu akaingia kwenye tope akamfuata. Alitaka kujua jambo moja, mumewe alisema nini mwisho. Kijana akamwambia: alisema, "Shukeni polepole, msisukumane." Basi. Mama Nahodha akakaa kwao siku tatu, akala wali wao, akarudi mjini kukaanga samaki.

"Na hakuniambia," nikasema. Hilo ndilo lililoniuma. "Miaka tumekaa dawati moja."

"Nilimshauri akwambie. Akasema wewe ni mtu mzuri sana, lakini hujui kunyamaza."

Nilicheka mpaka mwenye duka akatoa kichwa dirishani kuuliza kuna nini. Dada mmoja nyuma yetu, mtoto mgongoni, akanigusa bega.

"Samahani mama, nimesikia mnataja nyambizi. Nyambizi gani hiyo?"

Mwalimu akanitazama. Kisanduku cha sabuni kilikuwa mkononi mwake kikingoja sabuni, na nikaona vidole vimekikaza.

"Hukuisikia?" nikamwambia yule dada. "Ile iliyozamisha meli ya korosho. Ya kijivu. Sogea nikueleze."

Nikamweleza yote, kuanzia kishindo mpaka Katibu, na watu watano wa nyuma wakakusanyika, na tulipofika dirishani sabuni ilikuwa imebaki ya kututosha. Mwalimu alichukua mche wake wa sabuni, akaniaga kwa kichwa, akaenda zake upande wa Buguruni akitikisika mabega. Sikumwona tena.

Mwalimu amekwishazikwa sasa, na mdogo wake pia, kule kule Rufiji. Ofisi ile nayo haipo. Nimekaa na neno hili tangu siku ya foleni, dukani, kanisani, harusini, kitandani na mume wangu, na sikumwambia mtu. Mama Nahodha alikosea juu yangu, na inanikera kwamba hakuwepo kuona.